Jinsi ya kubishana kuhusu strongimani bila kuzimwa pale kinyozi

Kisumu tunabishana kuhusu kila kitu, hio haina siri. Ukipita Kondele jioni utakuta watu wanaunda serikali upya, hatua chache mbele ni Gor na Ingwe, na siku hizi juu ya hizi video fupi za kwa simu kuna mada mpya imeingia mpaka kwa vinyozi na steji za boda: strongimani. Yale majamaa ya kilo mia na themanini yanavuta malori na kubeba mawe. Kila mtu ana mtu wake. Mmoja ni Brian Shaw, mwingine ni Eddie Hall, mwingine ni Thor, yaani Hafþór Björnsson wa Iceland, na lazima kuna mzee kwa kona atasema hao wote ni watoto, yeye aliwaona kina Pudzianowski.

Kelele yenyewe sina shida nayo, kelele ni tamu. Chenye kinaharibu ni mtu kuja na klipu ya sekunde thelathini na kutaka kufunga mjadala wa miaka karibu hamsini. Kwa hivyo kama unataka kuingia na ukae ngumu mpaka mwisho, fanya hivi.

Usitaje jina kabla hujajua mnabishania nini

Mtu akiuliza "nani ana nguvu kuliko wote", usikimbilie jina. Muulize kwanza, nguvu ya kufanya nini? Juu strongimani si mchezo mmoja, ni michezo mingi imewekwa siku moja. Kuna dedilifti, unatoa chuma chini mpaka usimame wima. Kuna gogo la kusukuma juu ya kichwa. Kuna nira, ile fremu kubwa ya chuma inakaa mabegani alafu unatembea nayo. Kuna mizigo miwili, moja kila mkono, unakimbia nayo. Kuna kuvuta lori na kamba, kurusha mapipa juu ya ukuta, kushikilia nguzo mbili zinazotaka kuanguka huku na huku mpaka vidole vikatae, na mwisho mara nyingi ni mawe ya Atlas, matano, ya mviringo, unayapakia moja moja na kila jiwe ni zito kuliko lile umetoka kuliweka.

Sasa hapo angalia. Zydrunas Savickas wa Lithuania alitawala gogo kwa miaka mingi sana. Tom Stoltman wa Scotland ni mtu wa mawe, 2020 aliinua jiwe la kilo 286 peke yake likapita juu ya mbao. Thor ni dedilifti. Kwa hivyo mkibishana kati ya Stoltman na Thor bila kusema ni kwa kitu gani, mnaweza kesha hapo na wote mko sawa. Lakini wewe ukisema "omera, kwa mawe nampa Stoltman, kwa dedilifti nampa Thor, kwa gogo wacha nikuambie baadaye", tayari watu wamenyamaza kidogo wakuskize.

Alafu kilo zigeuze ziwe gunia. Hii inasaidia sana huku kwetu juu mtu akisikia "kilo 510" anatikisa kichwa tu, hajaona kitu, lakini kila mtu hapa amewahi angalau kujaribu kusogeza gunia la mahindi la kilo 90. Kilo 510 ni gunia tano na kilo sitini juu yake. Kilo 286 za lile jiwe la Stoltman ni gunia tatu na kilo 16, zimefinyangwa kuwa mpira hauna pa kushika. Ukisema hivyo hata yule anayenyolewa anageuza shingo, kinyozi anakasirika.

Yule jamaa wa Kibuye

Hii hoja lazima itokee, tena itatoka kwa mtu ambaye hajaongea kitambo: "Leteni yule jamaa wa kupakua gunia pale soko la Kibuye, huyo mzungu wenu atalia." Usicheke. Ukicheka umepoteza watu wote hapo, na pia haina haja, hoja yake ina uzito kidogo.

Mjibu hivi. Jamaa wa Kibuye anabeba gunia kwa mgongo ama kichwani, mara nyingi kuna watu wawili wanamtwika, na anafanya hio kazi kuanzia lori lifike mpaka liishe. Hio ni stamina na ufundi wa kubalansi. Strongimani mara nyingi wanapewa sekunde 60 ama 75 kumaliza kazi, basi, alafu wanakaa chini wanahema kama lisaa kabla ya kazi nyingine. Na hawatwikwi na mtu, wanatoa mzigo chini wenyewe. Ukimpa Brian Shaw mita mbili na kilo zake karibu 200 apakue lori nzima ya mahindi kwa jua la saa saba Kisumu, mimi pesa yangu iko kwa jamaa wa Kibuye. Ukimwambia jamaa wa Kibuye atoe gunia tatu chini kwa mpigo, pesa yangu imehama. Kila mtu apewe yake na mjadala uendelee.

Jifunze hesabu ya pointi, hapa ndio wengi huangukia

Kama kuna kitu kimoja utachukua hapa chukua hii. Karibu mashindano yote makubwa hayashindwi na mtu mwenye ameinua kitu kizito zaidi, yanashindwa na mwenye ana pointi nyingi. Tuseme fainali iko na watu 10. Wa kwanza kwa kila kazi anapata pointi 10, wa pili 9, wa tatu 8, mpaka wa mwisho 1. Ukishindwa kabisa, yaani hata haijatoka chini, unapata sufuri. Wawili wakifungana nafasi ya tatu na ya nne, zile pointi zao 8 na 7 zinajumlishwa na kugawanywa, kila mmoja anaenda na 7.5.

Sasa piga hesabu. Jamaa anashinda kazi mbili kwa kishindo, watu wanapiga video, alafu ya tatu anateleza anakuwa wa mwisho. Ako na 10 na 10 na 1, jumla 21. Mwingine hajashinda chochote, amekuwa wa tatu mara zote tatu, hakuna mtu amempigia makofi. Ako na 24. Huyo ndio yuko mbele. Ndio maana mtu aliyeona klipu anashangaa "mbona huyu alishinda na sijamuona akifanya kitu", hukumuona juu klipu hazirekodi mtu wa nafasi ya tatu.

Mfano mzuri ni Oleksii Novikov wa Ukraine, alishinda World's Strongest Man, yale mashindano ya dunia ya strongimani, 2020 akiwa na miaka 24 tu, na ukimweka karibu na Stoltman unaona kama amekuja na babake. Nguvu alikuwa nayo, usinielewe vibaya, mwaka huo huo kwa mashindano hayo hayo alivuta kilo 537.5 kwa ile dedilifti ya kuanzia juu kidogo. Lakini na huo mwili mdogo hukumuona akibaki nyuma kwa kazi za kukimbia, na hapo ndio pointi zilijificha.

Na mfano mwingine mtamu zaidi ni mashindano hayo hayo 2025, Sacramento huko Marekani, Rayno Nel wa Afrika Kusini alimshinda Tom Stoltman kwa nusu pointi. Nusu! Na kwa vile sasa unajua nusu hutoka wapi, unaweza muuliza mtu yeyote pale kibandani, "hio nusu ilitoka wapi?" na asipojua kwamba lazima kuna watu walifungana mahali, basi jua huyo alisoma kichwa cha habari tu.

Kwa hivyo unapoangalia mashindano, shika karatasi. Sio utani. Andika majina kumi kando, kazi juu, jaza nafasi. Ikifika kazi ya nne utakuwa unajua nani anahitaji kumaliza mbele ya nani kwa mawe, na hapo ndio raha yote iko, watu wengine wanaona tu mtu akikumbatia jiwe, wewe unaona kwamba akiweka la tano kabla ya yule mwingine ameenda na kombe.

Mambo ya rekodi: 500, 501, 510

Hii ndio imevunja urafiki mwingi kwa hii mchezo kuliko ingine yoyote, kwa hivyo ijue kwa mpangilio.

Mwaka wa 2016, Julai, Leeds huko Uingereza, Eddie Hall alivuta kilo 500. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapigania 465, yeye akaruka kilo 35 kwa mpigo. Akaanguka, damu ikamtoka puani, na dunia yote ikajua jina lake. Alafu Mei 2020, wakati wa korona, michezo yote imefungwa, Thor akavuta 501 kwa jimu yake huko Iceland. Refa alikuwa Magnús Ver Magnússon, bingwa wa dunia mara nne, na ilionyeshwa moja kwa moja. Eddie akasema hapana, hio si rekodi juu haikuwa mashindano, ulikuwa nyumbani kwako, chuma chako, muda wako. Thor akasema kilo ni kilo. Wakatukanana mpaka wakaenda kupigana ndondi Dubai Machi 2022, Thor akashinda kwa pointi, jambo ambalo halikujibu swali la dedilifti hata kidogo lakini watu bado huleta hio ngumi kama ushahidi. Ukisikia mtu anasema "lakini alimchapa", mwambie polepole kwamba tunaongea chuma.

Alafu 2025 Thor akamaliza kazi mwenyewe. Julai, Ujerumani, 505. Septemba, Birmingham, 510, mbele ya watu, mbele ya marefa, washindani wengine wako hapo. Kwa hivyo kama bado kuna mtu steji ya boda anabishania 501 ya nyumbani, mwambie hio kesi ilishafungwa, sasa ni 510.

Lakini nakuachia silaha ya kila rekodi utakayosikia baada ya hii. Uliza maswali matatu. La kwanza, ilikuwa mashindano ama jimu? La pili, chuma gani? Juu kuna chuma cha kawaida, kuna kile kirefu cha Arnold Classic, mashindano mengine makubwa ya Marekani, kinapinda sana kabla uzani haujaacha sakafu, Thor alivuta zaidi ya kilo 474 nacho 2019, na kuna zile za kuanzia juu magotini kama ya Novikov, na kuna za matairi. Mtu akikuletea 537.5 kama jibu la 510 anakuchanganya na mchezo mwingine, sakafu na goti si umbali mmoja. La tatu, alivaa nini? Strongimani wanaruhusiwa suti ngumu ya kuinulia na mikanda ya kufunga mkono kwa chuma, na wanaruhusiwa kuburuta chuma kwa mapaja kikipanda kwa vipande vipande. Kwa pawaliftingi, ule mchezo mwingine wa kuinua vyuma, kuburuta hivyo hakuruhusiwi, chuma kikisimama ukikisukuma na paja imekula kwako. Kwa hivyo ukilinganisha hao wawili bila kusema hii, unalinganisha sheria mbili.

Refa alisema nini

Watu huku wanapenda sana kusema "aliibiwa". Kesi kubwa ya kuibiwa kwa strongimani ni World's Strongest Man ya 2017, Gaborone, Botswana, tena hapa hapa Afrika. Eddie Hall alishinda, Thor akawa wa pili kwa pointi moja, na kelele yote ni kwa kazi ya kusukuma mzigo juu ya kichwa, ambapo refa alikataa kumhesabia Thor moja kwa sababu alikunja magoti mara mbili badala ya moja.

Hapa usibishane na hisia. Swali ni moja tu, sheria ilisemwa kabla ya kazi kuanza ama baada? Kukunja mara mbili kulikuwa kumekatazwa. Basi refa alikuwa na haki. Unaweza kusema sheria ni mbaya, hio ni sawa, mimi mwenyewe naona ni kali kidogo ukiwa umechoka na umesukuma zote hizo. Pia unaweza kuuliza kama wengine walikunja mara mbili wakahesabiwa, na kwa hio rudisha video mwangalie polepole, muda ni wenu na bando ni yenu. Chenye huwezi ni kusema "aliibiwa" alafu ukose kusema sheria gani ilivunjwa.

Wazee wa zamani na ile miaka ya mgawanyiko

Sasa yule mzee kwa kona. Huyu lazima umheshimu, usimuite buda, mwite jaduong' na umwachie amalize, alafu uingie.

Haya mashindano ya World's Strongest Man yalianza 1977 huko California, Bruce Wilhelm wa Marekani akashinda. Mwaka huo huo kulikuwa na kazi ya kukimbia na friji mgongoni, na Franco Columbu, mtu wa misuli mwenye jina kubwa, akaumia mguu vibaya sana hapo. Kwa hivyo ukitaka kulinganisha kilo za wakati huo na za leo utakwama tu, kazi zilikuwa zinabadilika kila mwaka, vifaa vilikuwa vya kubahatisha, na hao watu wengi walitoka michezo mingine. Njia ya haki ni kuuliza, kati ya watu wa wakati wake, aliwaacha umbali gani? Bill Kazmaier alishinda 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Jón Páll Sigmarsson wa Iceland alichukua nne kati ya 1984 na 1990, akafariki Januari 1993 akiwa na miaka 32, akifanya dedilifti. Magnús Ver naye nne. Hao wote jaduong' akiwataja, kubali.

Ngumu ni Pudzianowski. Huyu wa Poland ana mataji matano, 2002, 2003, 2005, 2007 na 2008, hakuna mwingine amefika hapo. Mtu anakuja na hio hesabu ya tano anaweka mezani anakunja mikono. Hapa ndio unamkumbusha ile miaka ya IFSA. Kuanzia kama 2005 mchezo uligawanyika, kundi moja la wanariadha likawa chini ya IFSA, shirikisho lingine la strongimani, na hawakuwa wanakuja World's Strongest Man, na kati yao alikuwa Savickas, mmoja wa wababe wakubwa wa wakati huo. Huku Pudzianowski anaokota mataji, Savickas alikuwa anashinda Arnold Strongman Classic huko Ohio kila mwaka kuanzia 2003 mpaka 2008, mara sita mfululizo, na mizigo ya Arnold inajulikana kuwa mizito kupita kiasi. Walipokutana tena 2009, Malta, Savickas wa kwanza, Pudzianowski wa pili.

Mtu wa Pudzianowski akiwa anajua mchezo atakurudishia mbili. Moja, 2002 na 2003 walikuwa wote na Pudzianowski alishinda, Savickas wa pili. Mbili, kufika 2009 jamaa alikuwa tayari anaelekea mapigano ya MMA, Desemba ya mwaka huo huo alikuwa kwa ulingo. Hoja nzuri zote, na ukikutana na mtu anazileta hizo mnunulie chai, ni nadra. Mimi bado nampa Savickas, juu ukitoa kazi za kukimbia sioni mtu wa wakati wake wa kumgusa, lakini najua ukirudisha kazi za kukimbia Pudzianowski ananicheka. Ile tu hukubali ni mtu kuhesabu mataji bila kuuliza nani hakuwa kwa mlango.

Usisahau watu wetu

Nashangaa sana vile mjadala unaweza kuenda masaa mawili Kakamega ama Nakuru na hakuna mtu ametaja Mwafrika. Nilikuambia nitarudi kwa gogo. Basi mtu wa gogo ni Iron Biby, jina lake kamili Cheick Ahmed al-Hassan Sanou, kutoka Bobo-Dioulasso, Burkina Faso. Septemba 2021, Glasgow, alisukuma gogo la kilo 229 juu ya kichwa akavunja rekodi ya Savickas ya 228. Hio ni gunia mbili na nusu na kilo nne, juu ya kichwa, mikono imenyooka. Mtu akikuambia Waafrika ni wa mbio tu, mpe huyo.

Na Rayno Nel wa ile nusu pointi ndio Mwafrika wa kwanza kushinda World's Strongest Man, na alishinda mara yake ya kwanza kabisa kuingia. Ni injinia wa umeme na alicheza raga kabla, kwa hivyo ukiwa na watu wa raga, na Nakuru na Kakamega hawakosi, anzia hapo, watakuskiza vizuri zaidi kuliko ukianza na mambo ya Iceland. Hata mwenyeji tumekuwa, 2016 na 2017 zote zilifanyika Botswana.

Kwa wazee wanaosema nguvu huisha na miaka arobaini, kuna Mark Felix, alizaliwa Grenada akaishi Uingereza, alikuwa bado anashindana akiwa amepita miaka 55 na kwa mambo ya mshiko vijana walikuwa wanamwogopa. Na kama kuna dada hapo kinyozi amekuja na mtoto na anawaskiza tu, mwambieni Lucy Underdown wa Uingereza amevuka kilo 300 kwa dedilifti, alafu muone nani kati yenu ako tayari kusema amefika nusu ya hio.

Dawa

Itakuja, na itakuja kutoka kwa mtu ambaye ameshindwa na hoja zingine. "Hao wote ni madawa." Usiingie kwa huo mtego na jina la mtu. Sema yenye inajulikana: strongimani si mchezo wa Olimpiki, hakuna chama kimoja kinachofunga mashindano yote na kipimo kimoja, kwa hivyo hauwezi kulinganisha na wakimbiaji wetu ambao wanaamshwa asubuhi kupimwa. Kumtuhumu mtu fulani bila matokeo ya kipimo ni uvumi, na sisi Wakenya vile riadha yetu imeumia na hii maneno tunafaa kujua tofauti ya uvumi na matokeo. Songa mbele.

Kabla hujabeti

Ya haraka tu. World's Strongest Man miaka ya karibuni hufanyika Aprili ama Mei, lakini Uingereza huonyeshwa kwa televisheni wakati wa Krismasi. Kwa hivyo kuna mtu atakuja Desemba, amevaa vizuri, anataka mwekeane mia tano nani atashinda "leo". Huyo anajua matokeo tangu mvua ndefu. Kabla hujatoa pesa tafuta jina la bingwa wa mwaka huo kwa simu, ni dakika moja.

Mkiamua kujaribu wenyewe

Mara nyingi mjadala ukiiva mtu husema wacha tujaribu hapa hapa. Sawa, lakini chagua kazi yenye haitapeleka mtu Russia, yaani ile hospitali kubwa ya Kisumu watu bado huiita hivyo. Mzuri zaidi ni mitungi ya maji ya lita 20. Jaza, funga vifuniko vizuri, mbili mbili kila mkono kama vidole vinaweza kushika vishikio viwili, hio ni kama kilo 40 kila upande, na mtu atembee kutoka kwa kinyozi mpaka kwa duka la mwisho na kurudi bila kuweka chini. Mwenye amefika mbali ameshinda, hakuna hoja. Wakubwa wale hubeba zaidi ya kilo 150 kila mkono, wanakimbia. Watu watacheka hatua kumi za kwanza, alafu hawatacheka tena.

Dedilifti ya gunia acheni kama hakuna mtu hapo anajua kuweka mgongo sawa. Mawe ndio msiguse kabisa, na hata tairi la lori la kupindua, juu pale unapokunja mkono chini ya mzigo na kuuvuta na mkono badala ya miguu, msuli wa mkono hukatika, imewapata mabingwa wenyewe wakiwa na makocha na gundi na mikanda. Na kama yule aliyesema jamaa wa Kibuye ni mnoma bado hajaridhika, Jumapili soko likiwa limejaa mwende mumuulize mwenyewe kama anataka kushika mitungi, mumlipe muda wake.